Je, Wajua? Mji Kasoro Bahari na Maji Yake

Wajua kwa nini Morogoro inaitwa "Mji Kasoro Bahari"? Wenyeji watakwambia wamejaliwa kila kitu: milima, mito, mboga mbichi, matunda, reli, na barabara inayogawanyika kwenda Dodoma na Iringa. Kilichokosekana ni bahari tu. Ni majigambo matamu, ila bahari yenyewe huwafuata kila mwaka. Upepo wenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, husafiri zaidi ya kilomita 100 juu ya tambarare, kisha hukumbana na Uluguru, milima inayopanda kupita mita 2,600. Hewa ikilazimika kupanda hupoa, na ikipoa huachia mvua. Upande wa mashariki, kule Kinole na Tegetero, mvua ya mwaka hupita milimita 2,000. Mjini, chini ya mlima upande wa kaskazini, haifiki hata nusu ya hiyo.

Maji hufuata mkondo, lakini Uluguru mikondo yake ina ujanja. Mto Mgeta huanzia magharibi, nchi ya kabichi na njegere, ukazunguka milima kwa kusini. Ngerengere nao huanzia magharibi, ila wenyewe hupita kaskazini, na kwanza huzuiwa katika Bwawa la Mindu linalonywesha mji. Yote miwili huishia Ruvu, na Ruvu huingia baharini karibu na Bagamoyo. Matone mawili yaliyoangukia mteremko mmoja yanaweza kuachana huko juu na kukutana tena bondeni.

Waingereza husema jambo lililokwisha ni maji yaliyokwisha kupita chini ya daraja. Sisi tunasema yaliyopita si ndwele. Msemo huo wa Waingereza haumfai mtu wa Morogoro hata kidogo, maana hapa maji yakipita chini ya daraja ndiyo kwanza safari inaanza. Mto Morogoro hukatiza mjini, huingia Ngerengere, kisha Ruvu, na karibu na Mlandizi hukuta mitambo ya maji ya Ruvu Juu iliyojengwa mwaka 1959. Yasiyovutwa hapo husubiriwa na Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo. Baada ya kupanuliwa, mitambo hiyo ilifikia uwezo wa lita milioni 196 na milioni 270 kwa siku, na ndiyo tegemeo kubwa la Dar es Salaam. Anayefua nguo mtoni Morogoro ajue kuna mtu Kariakoo amekinga ndoo.

Tena watu wa pwani kufuata maji Uluguru si jambo lililoanza na bomba. Zamani, ukame ulipozidi, Wazaramo walituma wajumbe wao hadi Kolero, kwenye pango la Kolelo, mzimu uliosadikiwa kuwa joka kubwa lenye mamlaka juu ya mvua na mavuno. Walitembea siku kadhaa na sadaka zao, wakaomba, wakarudi. Kinole nako kulikuwa na Kingalu, jina la cheo linalorithiwa katika ukoo, ambaye heshima yake ilitokana hasa na uwezo wa kuita mvua.

Imani hizo za Kolelo zilikuwa na undugu na Vita vya Maji Maji vilivyotikisa nchi nzima ya kusini. Mwaka 1905, huko Ngarambe karibu na Mto Rufiji, Kinjekitile Ngwale aliwagawia watu dawa ya maji, mafuta ya nyonyo na mtama. Wengine waliinywa, wengine walinyunyiziwa, na ahadi ilikuwa moja: risasi za Wajerumani zitageuka maji. Vita vilianza Umatumbi mwishoni mwa Julai kwa kung'oa pamba ya serikali. Kinjekitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini dawa ilikuwa imeshasambaa. Tarehe 30 Agosti wapiganaji walilivamia boma la Mahenge, ambayo leo imo mkoani Morogoro, wakakutana na bunduki za rashasha. Waliokufa hapo ni mamia. Hata hivyo, katika vita vyote vya Maji Maji, wengi zaidi waliuawa na njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala.

Je, wajua kwamba maji ya Ruvu yaliwahi kumwaga damu Matombo, huko Uluguru? Miaka ya 1950 Waingereza waliona udongo wa Uluguru unaporomoka na kuchafua mito, wakaamuru kila mkulima achimbe matuta ya ngazi. Kwenye karatasi lilikuwa jambo zuri. Shambani ilikuwa balaa: udongo wenye rutuba ni mwembamba, ukiukata ngazi unaufukia chini na kuleta juu ule mfu usioota kitu. Isitoshe, kazi ilikuwa ya shuruti. Mwaka 1955 watu wa Matombo wakagoma, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga, lakini serikali ile ilivaa nguo zake na kuuacha mradi mwaka huohuo.

Semi nyingine za maji ni za mtaani tu. Aliyelewa "kapiga maji", japo maji ndiyo kitu pekee ambacho hakukigusa. Timu ikicheza hovyo ni "tia maji tia maji". Rangi ya "maji ya kunde" utaielewa ukifunua sufuria ya kunde zilizochemka vizuri: si nyeusi, si nyekundu, ni wekundu uliotulia ndani ya weusi. Wanaosifiwa kwayo hawalalamiki.

Na yale maji ya bei nafuu yaliyokuwa yakifungwa kwenye vifuko vya plastiki, ambavyo ulivingʼata kona ndipo unywe? Yaliitwa "maji ya Kandoro", kwa jina la Abbas Kandoro, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam. Viongozi wetu wengi wameachiwa barabara na shule zenye majina yao. Yeye wachuuzi walimpa kifuko cha maji.