Makaburi ya Vifaru

Pembezoni mwa mji wa Asmara, Eritrea, yamelundikana mabaki ya vifaru na malori ya vita vya ukombozi vilivyopiganwa tangu 1961 hadi 1991. Mahali hapo pamezoeleka kuitwa makaburi ya vifaru.

Mimi, nikiwa mwanaisimu, jina hilo lanikera. Katika Kiswahili, kifaru wa mbugani amekufa, ilhali kifaru cha vita kimeharibika. Upatanisho wa kisarufi wenyewe watenganisha chenye uhai na kisicho nao. Vipi basi chuma kipewe kaburi?

Naam, sitiari ni pambo la lugha, lakini yaweza pia kuwa pazia. Kifaru aina ya T-55, kilichoundwa katika Umoja wa Kisovieti na ambacho mabaki yake yamo humo Asmara, huhitaji askari wanne. Asemaye "kifaru kiliteketezwa" amesema kweli, ila amewasahau wanne hao, wana wa watu, wawe walikuwa wa upande gani.

Mwalimu mwenzangu, ufundishapo ngeli ya KI-VI, watajie wanafunzi kifaru hicho. Kisha waulize: waliokuwamo ndani walizikwa wapi?