Hatua Ishirini kwa Ishirini: Utangulizi wa Lugha ya Viwanja na Ujenzi

"Hiki kimepimwa, mzee. Kina ofa. Hatua ishirini kwa ishirini, na boma limeshafika kwenye lenta."

Ukienda kutafuta kiwanja pembezoni mwa Dar es Salaam, Goba au Chanika, hutakosa dalali wa kukuambia maneno kama hayo. Wanunuzi wengi huitikia kwa kichwa. Wanaona haya kuuliza, na dalali naye haoni sababu ya kufafanua. Utangulizi huu nimekuandikia wewe unayeitikia. Kama hujui hata neno moja kati ya hayo, usijali, umefika mahali pake. Tutayachukua moja moja, tukianzia chini kabisa, kwenye ardhi yenyewe.

Jambo la kwanza huwashtua wengi: Tanzania Bara ardhi hainunuliwi. Ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Serikali ya kikoloni ya Mwingereza ilishaitangaza kuwa ya umma mwaka 1923. Umiliki wa kudumu uliokuwa umebaki mikononi mwa wachache ukafutwa mwaka 1963, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 ikaushikilia msimamo huohuo. Unachonunua ni haki ya kuitumia ardhi, kwa muda maalumu na kwa masharti. Haki hiyo ndiyo hakimiliki, na karatasi inayoithibitisha ni hati miliki. Kwa kawaida muda wake ni miaka 33, 66 au 99, wala hauzidi hapo.

Najua swali linalokujia: kama ardhi si yangu, mamilioni haya nayalipia nini? Unalipia haki, na haki hiyo ina thamani. Sheria ya 1999 inatamka hivyo waziwazi. Zamani msimamo wa serikali ulikuwa kwamba ardhi tupu haina bei, kwa hiyo watu waliandikiana kuuziana maendelezo, yaani minazi, miembe au kibanda kilichokuwapo, ingawa muuzaji na mnunuzi wote walijua wanachokitafuta ni kiwanja.

Hapo kuna mtego mmoja. Miaka ya hati huhesabiwa tangu hati ilipoanza, si tangu siku uliyonunua wewe. Hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1998 inakwisha 2031, hata kama fedha umelipa jana. Kwa hiyo ukiletewa hati, tazama tarehe yake kabla hujatazama ukubwa wa kiwanja.

Haya ninayoyaeleza yanahusu zaidi miji ya Bara. Kijijini kuna hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 1999. Zanzibar ina sheria zake za ardhi. Msomaji wa Kenya naye atakuta mambo tofauti, maana huko raia anaweza kumiliki ardhi binafsi bila ukomo wa miaka.

Sasa turudi kwa dalali wetu. Kimepimwa maana yake nini? Watu wa ardhi hutaja kazi tatu kwa mfuatano: kupanga, kupima na kumilikisha. Kupanga ni kuchora mchoro wa mipango miji, unaoonyesha barabara itapita wapi, shule itakaa wapi na nyumba zitajengwa wapi. Kupima ni kazi ya mpimaji ardhi, anayeziweka kona za kila kiwanja kwa vipimo na kuzika bikoni, yaani alama ya mpaka ya zege yenye chuma katikati. Kisha huchora ramani ya upimaji na kuiwasilisha iidhinishwe, na kiwanja hupata namba na jina la kitalu, ambacho ni kundi la viwanja vilivyopimwa pamoja. Kumilikisha ndiko kunakoleta karatasi mkononi.

Wageni wengi hupotelea hapa katikati. Wakiona bikoni wanaamini kazi imekwisha, kumbe bikoni bila ramani iliyoidhinishwa ni zege tu lililozikwa ardhini. Omba namba ya kiwanja na kitalu, uende nazo ofisi ya ardhi ya halmashauri. Kama hati ipo tayari, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Upekuzi ni kuomba taarifa rasmi za hati: jina la mmiliki, na kama benki imeishikilia kwa rehani, yaani kama dhamana ya mkopo.

Ofa, ambayo jina lake la kiofisi ni barua ya toleo, ni hatua iliyo kabla ya hati. Ndani yake serikali inakueleza kwamba umepewa kiwanja fulani, kwa matumizi fulani na kwa ada fulani. Ukikubali na kulipa, ndipo hati huandaliwa. Mwenye ofa ana mahali pazuri pa kuanzia, lakini hajafika.

Kisha zikaja zile hatua ishirini kwa ishirini, na hapo sikio la mzoefu lingeshtuka. Kiwanja kilichopimwa kina mita za mraba zilizoandikwa kwenye ramani, kwa hiyo anayekitaja kwa hatua ama ana mazoea tu, ama kiwanja hakijapimwa. Tena hatua ni za nani? Mtu akitembea kawaida, hatua yake haifiki mita moja. Tuseme ni sentimita 75. Hatua ishirini zitakuwa mita 15, na kiwanja ulichodhani kina mita za mraba 400 kitakuwa na 225. Karibu nusu imepotelea kwenye miguu ya dalali. Nenda na futi kamba yako.

Tuingie kwenye jengo. Boma ni nyumba ambayo kuta zake zimesimama lakini haijaezekwa. Chini yake kuna msingi, unaoushusha uzito wa nyumba ardhini. Juu ya msingi hupita mkanda wa zege unaozifunga kuta pamoja, na jamvi ni zege la sakafu. Baadaye atakuja fundi wa kupaua, ambaye husimamisha kenchi, yaani zile fremu za mbao za pembetatu zinazobeba bati. Lipu, ule mchanganyiko wa saruji na mchanga unaosawazisha ukuta, hufuata baadaye.

Lakini ningependa tukae kidogo kwenye lenta, maana ukiielewa hiyo umeelewa sehemu kubwa ya ujenzi wa zege. Lenta ni boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha, na katika nyumba nyingi huzunguka jengo zima. Kazi yake ni kuubeba ukuta ulio juu ya uwazi. Zege lenyewe ni saruji, mchanga, kokoto na maji. Fundi akisema moja kwa mbili kwa nne, anamaanisha ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Maji hayatajwi, na hapo ndipo penye hatari: zege la majimaji humwagika kwa urahisi na kumpumzisha kibarua, lakini likikomaa huwa dhaifu.

Zege huvumilia sana kubanwa na huvumilia kidogo mno kuvutwa, yapata sehemu moja ya kumi tu. Chukua chaki uibane kutoka ncha zake mbili, itakushinda. Ipinde, itakatika papo hapo. Lenta nayo, ikielemewa na ukuta, hupinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni. Upande wa juu hubanwa, upande wa chini huvutwa. Ndiyo maana nondo, zile fimbo za chuma, hasa hutakiwa upande wa chini, kwa kuwa chuma huvumilia kuvutwa. Nondo hushikwa pamoja kwa ringi, yaani vyuma vyembamba vinavyozizunguka, na huinuliwa kutoka kwenye mbao zinazolishikilia zege bichi kwa vijitofali vidogo vya zege ambavyo mafundi wengine huviita biskuti, ili zege lizifunike pande zote zisipate kutu. Likishamwagwa, zege humwagiliwa maji kwa siku saba au zaidi. Nguvu yake hupimwa siku ya 28.

Sasa chukulia kibaraza cha ghorofani kinachoning'inia nje ya ukuta bila nguzo. Hapo mambo hugeuka: upande wa juu ndio unaovutwa, na nondo kuu lazima zikae juu. Fundi aliyezoea lenta akizilaza chini, ufa utaanzia juu, pale kibaraza kinapokutana na ukuta. Sura ya kwanza inaanzia hapo, kwa kusoma mchoro wa nondo kabla fundi hajaanza kukata chuma.