Matengenezo ya Breki za Trekta Kuukuu

Miongoni mwa matrekta madogo ya zamani ambayo bado yanalima na kuvuta tela, aina ya Massey Ferguson 135 inajulikana sana kwa madereva na mafundi. Lilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964, nayo injini yake ya Perkins yenye silinda tatu hudumu miaka mingi ikipewa mafuta safi. Kwa kuwa injini huwaka kila asubuhi, kamati huridhika kwamba trekta ni zima. Lakini breki huzorota kidogo kidogo bila ya kelele, na dereva huzoea kukanyaga kwa nguvu zaidi siku hata siku, mpaka tela lililojaa magunia ya pamba limsukume kutoka nyuma mteremkoni.

Breki za trekta hili zimo katika magurudumu mawili ya nyuma tu. Kila gurudumu lina ngoma yake ya chuma, na ndani ya ngoma vimo viatu viwili vilivyovishwa lainingi. Dereva akikanyaga pedali, vyuma vya kuvutia huzungusha kijiti ambacho hutanua viatu hivyo vikabana ngoma kwa ndani. Pedali ni mbili, moja kwa kila gurudumu, ili shambani dereva aweze kukata kona fupi kwa kufunga gurudumu moja. Barabarani yapasa pedali zote mbili ziunganishwe kwa komeo lake. Komeo hilo likipotea, au breki ya upande mmoja ikishika kuliko ya pili, trekta huvutwa upande ghafula, na likiwa katika mwendo laweza kupinduka. Komeo ni kipande kidogo tu cha chuma, na hakuna udhuru wa kulikosa.

Sasa hapana budi kutaja jambo linaloonekana mara nyingi katika daftari za matengenezo: chama kimenunua lainingi mpya, na kabla ya msimu kwisha kimenunua tena. Hapo fundi hulaumiwa kwamba alitia vifaa hafifu. Aghalabu kosa si la lainingi. Ni mafuta yanayovuja kutoka katika ekseli na kuingia ndani ya ngoma. Lainingi hunyonya mafuta kama kitambaa, na ikisha kulowa haifai tena. Wako wanaoiosha kwa petroli au kuichoma moto ili mafuta yatoke. Hushika kwa siku chache, kisha joto la kazi huyatoa mafuta yaliyobaki ndani na breki huteleza kama mwanzo.

Mafuta hayo hupita kwenye sili ya ekseli iliyochakaa. Katika Massey Ferguson 135 mafuta ya gia, ya haidroliki na ya ekseli ni yale yale, nayo hukaa pamoja. Kwa hiyo dereva anayejaza kupita alama ya kijiti cha kupimia, akidhani anatenda wema, huyasukuma mafuta kuelekea magurudumuni, hasa trekta linapolima ubavuni mwa kilima. Kabla ya kufungua kitu chochote, kipimo hicho kitazamwe kwanza.

Kubadilisha sili si kazi ya chini ya mwembe. Lazima ekseli itolewe, na beringi pamoja na pete yake zimekazwa kwa nguvu nyingi mno, hata huhitajika mashine ya kukamulia ya karakana. Ndiyo maana fundi wa bei nafuu huiruka sili na kutia lainingi peke yake. Katibu akiletewa makadirio mawili, moja la lainingi tu na la pili la lainingi na sili, asilinganishe jumla za chini peke yake. Aulize: ngoma ilipofunguliwa, ndani mlikuwa mkavu au mlikuwa na mafuta? Ikiwa mlikuwa na mafuta, kadirio dogo ni la kulipa mara mbili.

Kazi yenyewe huanzia mahali palipo sawa, magurudumu ya mbele yamezuiwa kwa magogo. Jeki huinua tu. Mzigo ubebwe na vigingi imara vilivyowekwa chini ya ekseli. Matairi yakiwa yamejazwa maji ya kuongeza uzito, watu wawili au zaidi washiriki kutoa gurudumu. Kisha skurubu mbili zinazoshika ngoma hufunguliwa, na marekebisho hulegezwa ili ngoma itoke. Vumbi lililomo lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asibesto, na vumbi lake likivutwa huleta maradhi ya mapafu yasiyopona. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji.

Lainingi iliyolika hadi kukaribia vichwa vya ribiti ibadilishwe, kwa maana ribiti zikigusa ngoma huichimba mifereji. Ngoma yenye mifereji mirefu ipelekwe kuchongwa. Yenye ufa itupwe. Springi zilizolegea zisirudishwe. Kijiti cha kutanua viatu kisafishwe kutu na kupakwa grisi kidogo sana, kwani ikizidi nayo itafika kwenye lainingi. Na hata kama upande mmoja tu ndio uliolika, lainingi zibadilishwe pande zote mbili.

Kurekebisha hufanywa gia ikiwa huru na magurudumu yakiwa juu. Bisibisi hupitishwa kwenye tundu la bamba la nyuma na kuzungusha gurudumu dogo lenye meno mpaka tairi lisizunguke, kisha hurudishwa polepole mpaka tairi lizunguke bila ya kukwama. Upande wa pili ufanywe vivyo hivyo, na pedali zote mbili zilingane kwa kimo.

Jaribio lifanyike mahali tambarare pasipo watu, bila tela, kwa mwendo mdogo na pedali zikiwa zimeunganishwa. Alama za matairi mawili ya nyuma ardhini zilingane kwa urefu. Trekta likivuta upande, lirudi kwenye vigingi. Breki ya mkono nayo ijaribiwe kwenye mteremko mdogo. Ndipo katibu atie sahihi kwenye hati ya fundi, na katika daftari la trekta aandike tarehe, saa za injini, vifaa vilivyotiwa, na kama ndani ya kila ngoma mlikutwa mafuta au la.