Wiki moja Diani kila mwaka: karatasi za kusoma kabla ya kutia saini

Mfanyabiashara anayevusha mahindi au vitenge pale Busia hahitaji kufundishwa thamani ya karatasi. Anajua kuwa mzigo usiozidi dola 2,000 unaweza kupita kwa cheti cha asili kilichorahisishwa, na anajua mhuri upi ukikosekana gari litalala mpakani. Mtu huyo huyo akishuka Mombasa kufuatilia kontena, au kupumzika baada ya msimu mzuri, hualikwa kwenye hoteli ya ufukweni, akapewa chakula cha mchana bure, na kufikia alasiri akawa ametia saini mkataba wa kurasa thelathini bila kusoma hata moja.

Kinachouzwa hapo ni zamu. Wauzaji huiita taimusheya. Badala ya kununua nyumba nzima ya likizo, watu wengi hugawana nyumba moja, na kila mmoja hupata wiki yake katika mwaka. Mpango huu ulianza kwenye milima ya Alps nchini Ufaransa miaka ya 1960, ukakua Marekani na Hispania. Afrika Kusini ilishatunga sheria ya kuusimamia mwaka 1983, na pwani ya Kenya si mgeni kwake. Kwa aliyezoea upatu hesabu yake inaingia akilini haraka: wengi wanachanga, kila mmoja ana zamu yake. Ila upatu una mwisho, na mchezaji anajua siku ya kutoka. Mikataba mingi ya zamu za likizo haisemi mnunuzi anatokaje.

Biashara yenyewe si haramu, na si kila muuzaji ni tapeli. Familia inayosafiri kila Agosti bila kukosa, na yenye uhakika itafanya hivyo kwa miaka kumi na tano, inaweza kupata nafuu. Tatizo ni kwamba maneno ya mezani na maneno ya mkatabani mara nyingi ni mambo mawili tofauti, na mahakamani husomwa ya mkatabani. Mikataba mingi ina kifungu kinachosema wazi kwamba ahadi yoyote ya mdomo iliyotolewa na wakala haihesabiki. Mnunuzi akiahidiwa kwamba wiki yake itapangishwa kwa wageni na kumletea faida, aombe sentensi hiyo iandikwe. Asipoandikiwa, jibu ameshalipata.

Swali la kwanza mbele ya karatasi hizo ni nini hasa kinanunuliwa. Neno "mmiliki" hutumika ovyo katika biashara hii. Kuna mikataba michache inayompa mnunuzi sehemu ya haki katika jengo, haki inayoweza kusajiliwa kwa msajili wa ardhi. Mingine, ambayo ndiyo mingi, inampa uanachama wa klabu tu: ruhusa ya kulala pale siku kadhaa, au pointi za kubadilishana na siku za kulala. Wa kwanza ana kitu chenye namba ya usajili. Wa pili ana ahadi ya kampuni, na kampuni ikifilisika anapanga foleni na wadai wengine, nyuma ya benki yenye rehani.

Hapa ndipo mwana Afrika Mashariki hujikwaa, kwa kudhani kwamba pasi ya Jumuiya imefuta mipaka yote. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, imefungua njia kwa bidhaa, huduma, mitaji na watu. Kuhusu ardhi, kifungu chake cha 15 kinaiachia kila nchi mwanachama sheria na sera zake. Kwa hiyo Mnyarwanda au Mganda anayenunua Kenya ni mgeni kama mgeni mwingine yeyote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 65, inamruhusu asiye raia kushika ardhi kwa hati ya kupangishwa tu, isiyozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa kuwa ya raia pale tu inapomilikiwa na raia kwa asilimia 100. Uganda nayo humpa mgeni hadi miaka 99. Tanzania Bara, asiye raia hupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu, na Zanzibar ina sheria zake za ardhi, hivyo mkataba wa Nungwi haupimwi kwa sheria za Bara.

Maana yake ni nyepesi. Mgeni anayeuziwa "umiliki wa milele" wa nyumba ya ufukweni Kenya anauziwa kitu ambacho katiba haikiruhusu, au anauziwa uanachama uliovalishwa jina la umiliki. Hata pale hati inapokuwa safi, miaka iliyobaki ndiyo thamani yake. Hoteli iliyojengwa juu ya hati ya miaka 99 iliyoanza 1960 inafikia ukomo mwaka 2059, hata kama mkataba wa zamu umeandika vizazi na vizazi.

Upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi utaonyesha mwenye kiwanja, miaka ya upangaji, na kama kuna rehani ya benki au zuio la mahakama. Kwa upande wa kampuni, hati ya CR12 kutoka kwa msajili wa makampuni wa Kenya huonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Majina mawili hayo yakitofautiana, yaani kampuni inayouza zamu siyo yenye hati ya kiwanja, lazima kuwe na karatasi ya tatu inayowaunganisha. Bila karatasi hiyo muuzaji anauza cha mwenzake.

Sehemu inayowaumiza wengi, hata hivyo, haiko kwenye hati ya ardhi. Iko kwenye ada ya matunzo ya kila mwaka, ile ya rangi, bustani, walinzi na bima. Bei ya kununulia hulipwa mara moja ikasahaulika. Ada haisahauliki, maana hudaiwa hata mwaka ambao mnunuzi hakukanyaga pwani. Tuseme wiki moja inauzwa dola 6,000 na ada ni dola 400 kwa mwaka. Ada isipopanda hata senti, katika miaka 20 itakuwa imekula dola 8,000, zaidi ya bei yenyewe. Ikipanda kwa asilimia tano kila mwaka, jumla inapita dola 13,000. Kwa hiyo mistari ya kutafutwa kwanza ni ile inayosema nani anapandisha ada, kwa kipimo gani, na kama kuna ukomo. Pakiandikwa kwamba kampuni itapandisha "kadiri itakavyoona inafaa", mnunuzi ametia saini hundi isiyojazwa.

Anayeuza kwa faranga za Rwanda, shilingi za Uganda au faranga za Kongo na kudaiwa ada kwa dola anabeba mzigo mwingine juu yake, na hilo wafanyabiashara wa mpakani hawahitaji kuelezwa. Waangalie pia faini ya kuchelewa, haki ya kampuni kuichukua zamu yenye deni bila kurudisha kitu, na neno "warithi". Mkataba unaowafunga warithi unaweza kuwaachia watoto wa Kampala au Bujumbura deni la nyumba ambayo hawajawahi kuiona. Nchini Hispania, ambako sheria ya 1998 iliweka ukomo wa miaka 50, Mahakama Kuu ya nchi hiyo mwaka 2015 ilibatilisha mkataba wa zamu usio na mwisho, na wanunuzi wengi wakafuata mkondo huo. Afrika Kusini, tume ya taifa ya watumiaji bidhaa ilifungua uchunguzi mwaka 2017 baada ya malalamiko yanayofanana: vyumba havipatikani, ada zinapanda, na mkataba hauvunjiki.

Ahadi ya kubadilishana zamu, leo Diani, mwaka kesho Dubai, nayo ina karatasi zake. Kubadilishana hufanywa na kampuni nyingine kabisa, kama RCI, yenye uanachama wake, ada yake ya mwaka na malipo kwa kila badilisho. Wiki ya Mei, mvua za masika zikinyesha, haitabadilishwa kwa wiki ya Desemba mahali pazuri.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji mezani ni kwamba Kenya ina sheria inayozungumzia mikataba ya aina hii kwa jina. Sheria ya kulinda watumiaji bidhaa ya mwaka 2012 inampa mnunuzi haki ya kuuvunja mkataba wa zamu bila kutoa sababu yoyote, ndani ya siku 10 tangu apokee nakala yake ya maandishi. Asipopewa nakala inayotimiza masharti, anao mwaka mmoja tangu siku ya kuingia mkataba. Ulaya huenda mbali zaidi: siku ni 14, na muuzaji haruhusiwi kupokea hata senti kabla hazijaisha. Punguzo la "leo tu" lina kazi ya kumfanya mtu asizitumie siku hizo. Mwenye busara huondoka na nakala, tarehe ya kuipokea ikiwa imeandikwa, humpelekea wakili wake mwenyewe na siyo aliyependekezwa na muuzaji, na akiamua kujitoa hutuma barua yenye ushahidi wa kupokelewa. Chama cha mawakili cha Kenya kina orodha ya mtandaoni ya kuthibitisha kama wakili ana leseni. Kwa mfanyabiashara wa Goma au Bukavu anayesoma Kifaransa, tafsiri ije kabla ya saini, akijua kwamba ukitokea ubishi nakala ya Kiingereza ndiyo kwa kawaida hushinda.

Kisha kuna ukurasa wa mwisho, unaotaja sheria ya nchi gani itatumika na shauri litasikilizwa wapi. Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha haiwezi kuwa kimbilio hapa. Mwananchi hupeleka pale malalamiko dhidi ya nchi mwanachama au taasisi ya Jumuiya, si dhidi ya hoteli, isipokuwa pande zote mbili ziwe zimeandika kwenye mkataba kwamba mahakama hiyo itakuwa msuluhishi wao. Kushinda kesi nyumbani nako si mwisho wa safari. Hukumu ya mahakama za Uganda, Tanzania au Rwanda inaweza kusajiliwa Kenya na kutekelezwa, kwa sababu nchi hizo zimo kwenye orodha ya sheria ya Kenya ya kutambuana hukumu. Burundi na Kongo hazimo. Wa kutoka huko atafungua kesi yake Kenya kwenyewe, kwa wakili wa Kenya na gharama za Kenya, au atatafuta namna nyingine ndefu zaidi.

Anayetaka kuuza zamu aliyochoka nayo hugundua kwamba soko lake ni dogo na bei yake ni sehemu ndogo ya aliyolipa. Hapo huanza kupigiwa simu na watu wasiojulikana wanaosema wana mnunuzi tayari, kinachohitajika ni ada ya uhamisho tu, ilipwe mapema. Mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliziwekea vikwazo kampuni za Mexico zilizohusishwa na genge la dawa za kulevya, zilizokuwa zikiwalaghai wenye zamu kwa mtindo huo huo. Namba ya simu hubadilika wiki hiyo hiyo pesa inapopokelewa.