Bega la Mchuma Chai: Mpira wa Shilingi 200 au Mashine ya 6,000?

Kama mfukoni una shilingi mia tano na bega linakunyima usingizi, usitafute mashine. Nunua mpira mmoja wa tenisi, chukua soksi ndefu iliyopoteza mwenzake, na pesa zinazobaki ziweke. Wapo watu wachache ambao mashine inawafaa, nao nitawafikia.

Nawaandikia hasa wanaochuma chai Kericho na Bomet, shambani kwao au kwa wenyewe. Kazi yao naijua inavyoumiza: mikono imenyooshwa mbele juu ya michai, vidole vikitafuta majani mawili na chipukizi, kiganja kikirushwa nyuma ya bega kila dakika kutupa majani kikapuni, kisha mzigo wenyewe kubebwa hadi kituo cha kuuzia kwenye mteremko wenye utelezi. Misuli ya shingo, ya juu ya bega na ile iliyo kati ya makombe ya bega hubana ikawa na vifundo vinavyouma ukivigusa. Anayetumia makasi au mashine ya mkono ya kuvunia huumia zaidi kigashani na kiunoni.

Kuchua vifundo hivyo kunasaidia. Maumivu hupungua, shingo ikageuka, mtu akalala. Lakini nafuu hiyo ni ya saa kadhaa, pengine siku moja au mbili, maana kesho kikapu kinarudi mgongoni. Kwa hiyo muuzaji anayeahidi kwamba kifaa chake kinamaliza vifundo kabisa anakudanganya, na bei yake ipime kwa uongo huo.

Bei nitakazotaja zitumie kama kipimo cha kubishania. Zinapanda na kushuka kati ya Kericho mjini, Litein, Sotik na Bomet.

Mpira wa tenisi ni kati ya shilingi 100 na 250 kwenye maduka ya vifaa vya michezo na ya vitabu. Utie ndani ya soksi, shika ncha ya soksi juu ya bega, uache mpira uning'inie mgongoni, halafu egemea ukuta au mwimo wa mlango. Sogea taratibu hadi mpira ukute fundo, tulia hapo nusu dakika hadi dakika moja huku ukipumua, kisha hamia pengine. Soksi ndiyo inayouzuia mpira kuanguka kila mara. Ukuta wa mabati haufai, unabonyea. Mpira ukianza kulainika baada ya miezi mingi, tupa, nunua mwingine. Hauhitaji stima, hauna spea, na mtoto akiuchukua kuchezea hasara yake ni ndogo.

Ukitaka ugumu zaidi, mpira wa magongo hauna kifani, ila ni vigumu kuupata nje ya miji mikubwa, na kwa mtu mwembamba unachoma. Anza na wa tenisi.

Kwa miguu na mapaja, kijiti cha kusukumia chapati kinatosha. Tayari unacho. Kile cha dukani chenye magurudumu ya mbao au plastiki, cha shilingi 300 hadi 800, kinafanya kazi ileile kwa nakshi zaidi, na magurudumu ya plastiki hupasuka mapema. Ruka. Lile gogo nene la sponji linalolaliwa sakafuni, la shilingi 1,500 na kuendelea, ni zuri kwa mkimbiaji mwenye sakafu kavu na nafasi ya kujinyoosha. Kwenye chumba kimoja chenye kitanda, jiko na watoto, litageuka kiti.

Kifaa ninachokipenda kwa mchuma chai ni fimbo iliyopinda kama ndoano, yenye kifundo ncha ya mwisho. Unaipitisha juu ya bega, unavuta kwa mbele, na kifundo kinabonyeza pale hasa mkono wako usipofika. Huhitaji ukuta wala mtu. Ya plastiki ngumu huuzwa mitandaoni kati ya shilingi 1,000 na 2,500, na kwenye maduka ya Kericho ni nadra. Ikiwa ni plastiki nyembamba itapinda ukivuta, nawe utakuwa umenunua fimbo ya kujikuna.

Lakini si lazima uagize. Vipande vya bomba gumu la maji vinavyobaki kwa mafundi, pamoja na viungo viwili au vitatu vya pembe kutoka duka la vifaa vya ujenzi, vinatengeneza ndoano hiyohiyo kwa chini ya shilingi 300. Ncha funga kwa kizibo na uvishe mpira mdogo. Na seremala yeyote mwenye mabaki ya mkaratusi au msanduku anaweza kukuchongea kishikio chenye umbo la herufi T, ncha ikiwa mviringo, ikapigwa msasa hadi iwe laini. Mlipe mia moja au mia mbili. Hicho kinafaa sana kigasha na kiganja baada ya siku ya makasi, na kitadumu miaka.

Sasa mashine. Ziko za aina mbili, na tofauti yake ni muhimu.

Ya kwanza ni ile ya waya, ndefu, inayotetemeka na mara nyingi ina taa nyekundu ya joto. Bei yake ni shilingi 1,500 hadi 2,500. Mtetemo wake unastarehesha juu juu lakini haufiki ndani ya msuli ulioganda. Taa nyekundu inapasha ngozi joto kidogo, kazi ambayo mfuko wa mpira wa maji moto wa shilingi mia tano hivi unaifanya vizuri zaidi, hasa katika jioni za Kericho mvua ya alasiri inapokuacha umelowa. Stima ikipotea, mashine ya waya imelala. Mfuko wa maji bado una joto.

Ya pili ni ile yenye umbo la bastola, inayotumia betri na kugonga msuli kwa kichwa cha mviringo. Hii ndiyo inayoonekana kwenye simu kila jioni. Za bei rahisi ni shilingi 1,500 hadi 3,500. Zenye nguvu ya kweli huanzia kama 6,000 na kupanda mbali. Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea.

Za bei rahisi zina ugonjwa mmoja: ukizibonyeza kwenye msuli, injini inazama na kusimama. Ukiishika hewani inanguruma vizuri, ikigusa bega inazimika. Kwa hiyo usinunue bila kuijaribu pajani, ukiikandamiza kwa nguvu, mbele ya muuzaji. Maandishi ya sandukuni kwamba ina kasi 20 au 30 yapuuze. Utatumia kasi mbili. Vichwa sita au vinane vivyo hivyo: cha mviringo na kile bapa ndivyo utakavyovitumia, vingine vitapotea chini ya kitanda.

Halafu kuna jambo ambalo matangazo hayaonyeshi. Mashine hiyo ina uzito wa nusu kilo hadi kilo nzima. Mtu ambaye bega lake linauma hawezi kuinua kilo moja nyuma ya mgongo wake mwenyewe na kuishikilia hapo. Atahitaji mtu wa kumchua. Na kama yuko mtu huyo nyumbani, basi viganja vyake na mafuta kidogo vinafanya kazi hiyohiyo bure.

Gharama zilizojificha sasa. Ukiagiza kutoka Nairobi, ongeza ada ya kifurushi kwenye gari, mara nyingi shilingi 200 hadi 400, na bodaboda kutoka stejini hadi kwako. Ukituma pesa kwa namba ya simu, ada ya M-Pesa ni yako. Ukilipa kwa namba ya till ya duka, mnunuzi kwa kawaida hakatwi. Zaidi ya hayo, pesa zilizotumwa kwa simu ya mtu usiyemjua ni vigumu kuzirudisha, kwa hiyo shikilia kulipa mzigo ukifika. Mashine nyingi huja na chaja ya pini mbili bapa, nazo soketi zetu ni za pini tatu, basi adapta ni gharama nyingine. Stima ya kuchaji yenyewe si tatizo: kujaza betri hiyo nyumbani hakumalizi hata shilingi mbili za tokeni. Kwa anayechajisha kibandani, hesabu ni tofauti kabisa, analipa kila mara.

Betri ndiyo mwisho wa habari. Ya rahisi ikichoka, mafundi wachache wataifungua, na mpya haiuzwi. Garanti ya mwaka mmoja mara nyingi ina maana kwamba utarudisha mashine Nairobi kwa nauli yako. Uliza swali hilo kabla ya kulipa, na uandikiwe kwenye risiti. Bidhaa iliyoagizwa kutoka nje inatakiwa kuwa na stika ya KEBS, shirika la viwango, na namba iliyo juu yake unaweza kuituma kwa SMS kwenda 20023 kuihakiki. Muuzaji akisita ukiitoa simu, ondoka.

Na tafadhali usiinunue kwa Fuliza au mkopo wa simu. Hesabu kwa majani: mwenye shamba akilipwa shilingi 20 kwa kilo, mashine ya 3,000 ni kilo 150. Kibarua anayelipwa shilingi 10 kwa kila kilo anayochuma ni kilo 300 zilizopita mgongoni ili kununua dawa ya mgongo. Kama lazima uinunue, ngoja bonasi. KTDA, wakala wa wakulima wadogo wa chai, kwa kawaida huilipa kufikia Oktoba, na ukiwa na pesa taslimu wakati huo utabishana vizuri.

Kabla ya hapo, ijaribu kwa kinyozi. Vinyozi wengi wana mashine ya kukanda mabega baada ya kunyoa, na ada yake ni ndogo. Uliza bei kwanza kabla haijawashwa, kwa maana pale ndipo bili ya kunyolewa hupanda bila taarifa. Ukiona baada ya kukandwa mara mbili tatu hujapata nafuu, umejiokolea elfu kadhaa.

Nani basi anunue mashine yenye nguvu ya 6,000? Nyumba yenye watu wazima watatu au zaidi wanaochuma au kuvuna kwa mashine, wenye stima ndani na wanaochuana wenyewe kwa wenyewe. Kwao gharama inagawanyika. Kikundi cha majirani wanaochanga kinaweza pia, mradi kichwa cha mashine kipanguswe kwa spiriti kila baada ya mtu.

Iwe mpira au mashine, usiguse mfupa wa uti wa mgongo, wala mbele ya shingo palipo na mishipa mikuu ya damu. Usichue mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu. Huenda ni damu iliyoganda, na kuichua ni hatari. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda waulize kwanza daktari. Dakika moja au mbili kwa kila fundo zinatosha. Kubonyeza hadi ngozi iwe nyeusi hakuongezi nafuu, kunaongeza jeraha.

Na kuna maumivu ambayo hayataki kifaa chochote. Mgongo unaouma pamoja na homa na jasho la usiku unaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa, au bruselosi, ambayo huletwa na maziwa yasiyochemshwa, na sisi ni watu wa maziwa. Maumivu yanayoshuka mguuni na ganzi, au kushindwa kuzuia mkojo, ni ya hospitali siku hiyohiyo: Kericho, Longisa, Kapkatet, Tenwek, popote palipo karibu. Ukiwa umeajiriwa, mshahara wako tayari unakatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya bima ya afya ya SHA iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Itumie; zahanati ianze kukupima kabla hujatoa hata senti kwa muuzaji. Vidonge vya diklofenaki vya kununua kila wiki kwenye kemisti navyo si rahisi kama vinavyoonekana, kwani vikizoeleka huumiza tumbo na figo.

Kwa aliyeajiriwa shambani, kuna bili ambayo huenda si yako kulipa. Sheria ya mafao ya majeraha kazini, WIBA ya 2007, inamtaka mwajiri kumfidia anayeumia kazini, na ajali isiporipotiwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12 haki hiyo hupotea. Wafanyakazi wa Kericho waliishtaki kampuni ya chai ya James Finlay (Kenya) hadi Scotland wakidai kazi ya mashambani iliwaumiza migongo, madai ambayo kampuni ilipinga. Mwaka 2023 mahakama ya huko iliisimamisha kesi ili madai yapitie kwanza sheria hiyo ya Kenya. Kwa hiyo bega likianza kuuma, nenda zahanati ya kampuni, uandikwe kitabuni, na karatasi yako uitunze. Ukijichua kimyakimya miaka mitano hutakuwa na ushahidi wowote.

Wenye mia tano, nunueni mpira. Wenye elfu moja, ongezeni ndoano ya bomba na mfuko wa maji moto, na hapo mmemaliza. Mashine ya bei rahisi ya betri iacheni dukani hata kama bei imeshushwa nusu.