Ajali Ina Kinga, Nayo Iko Kituoni

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapa kama yalivyosemwa.)

Nakuja kwako leo nikitokea kwetu Galula, bonde la Mto Songwe, mahali pasipo na reli wala bustani ya michezo. Pamoja na hayo nataka tuzungumze juu ya treni. Si treni ya mizigo wala ya abiria, bali ile ya kuchezea, ipandayo kilima cha chuma, ikaporomoka kwa kishindo, ikageuka kichwa chini miguu juu, kisha abiria wake wakashuka wakicheka. Wenyewe huiita rola kosta.

Mjukuu wangu aliiona kwenye televisheni ya jirani, akaja mbio kuniuliza: "Babu, ile kosta dereva wake anakaa wapi?" Kwa mtoto wa Galula kosta ni moja tu, basi dogo lile litupelekalo Mbalizi. Nikamjibu kwamba ile haina dereva. Akanyamaza kidogo, akauliza tena: "Sasa nani anaiambia iondoke?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi, na sababu yake nitaieleza kabla hatujaagana. Kwanza tumjibu mtoto.

Sisi tunaotazama kwa mbali hudhani kwamba hatari ya mchezo ule iko kule juu, penye kona na miteremko. Kwa hakika sehemu kubwa ya usalama hutengenezwa chini, kituoni, wakati treni imesimama tuli na watu wanapanda na kushuka. Hapo ndipo mwili wa binadamu na chombo cha chuma vinapokutana.

Tuanze na jukwaa. Abiria hawaachwi wasogee hadi ukingoni wakisukumana. Husimama kwa mistari nyuma ya vigeti vidogo, kila mstari na kiti chake. Vigeti hufunguliwa baada ya treni kufika na kusimama mahali pake barabara, na hufungwa kabla haijaondoka. Katika mitambo mingi ya kisasa, kigeti kimoja kikibaki wazi, treni haiendi. Haigombi wala haipigi kelele; inakataa tu.

Pili ni chuma cha kubana, kile kinachoshuka juu ya mapaja au mabega. Ndani yake mna meno au pampu ya mafuta, kiasi kwamba chaweza kushuka lakini hakiwezi kupanda mpaka kifunguliwe na mtambo wa kituoni. Kikishafungwa, swichi iliyo ndani ya kiti hupeleka habari kwenye kompyuta. Juu ya hayo, mfanyakazi hupita kiti kwa kiti, anakisukuma chini na kukivuta juu kwa mkono wake mwenyewe. Kwa nini arudie kazi ya mashine? Kwa sababu swichi yajua kwamba chuma kimefunga, lakini haijui kama mtoto aliyeketi ni mdogo mno kwa kiti kile. Jicho la mtu na swichi ya mashine kila kimoja kina upofu wake, ndiyo maana huwekwa pamoja.

Tatu, na hapa ndipo lilipo jibu la mjukuu wangu, ni ruhusa ya kuondoka. Katika vituo vingi ruhusa hiyo haitolewi na mtu mmoja. Mmoja huketi penye meza ya vitufe, mwingine husimama jukwaani karibu na abiria. Kila mmoja ana kitufe chake, na vitufe hivyo havina budi kubonyezwa kwa wakati mmoja. Yule wa jukwaani akiona mguu wa mtu umebaki nje, anaachia kitufe chake, na safari haianzi hata kama mwenzake ana haraka namna gani. Kwa hiyo, mjukuu wangu, wanaoiambia iondoke ni watu wawili, geti, chuma cha kubana na kompyuta. Wote husema ndiyo, lakini hapana ya mmoja tu inatosha kuizuia.

Nne ni njia yenyewe. Reli ya mchezo hugawanywa vipande, na kanuni ni moja: kipande kimoja, treni moja. Iliyoko nyuma hairuhusiwi kuingia mpaka iliyoko mbele itoke. Kanuni hii haikubuniwa na watu wa michezo. Imetoka kwenye reli za kawaida, za aina ya TAZARA ipitayo pale Tunduma.

Breki nazo zina hekima yake. Mtu angedhani breki hufungwa kwa nguvu za umeme au hewa, zikikosekana breki inalegea. La, hasha! Breki nyingi za mitambo hii hufungwa na springi, na hewa ndiyo huzifungua. Umeme ukikatika, hewa ikivuja, zinajifunga zenyewe. Fikra hiyo ni ya zamani. Mmarekani George Westinghouse aliitumia kwenye breki za treni mwanzoni mwa miaka ya 1870, ili bomba la hewa likikatika mabehewa yajifunge badala ya kukimbia ovyo. Na kama unadhani ni mambo ya ng'ambo tu, muulize dereva wa lori aliye kwenye foleni ya mpaka wa Tunduma. Atakwambia lori lake likikosa upepo haling'oki hapo lilipo.

Mwisho kuna ule mlio wa ka-ka-ka-ka unaosikika treni ikivutwa kupanda kilima. Wengi hudhani ni mnyororo unaolia. Aghalabu huo ni mlio wa kijino cha chuma kinachodumbukia katika meno yaliyopangwa njiani. Mnyororo ukikatika, kijino kinang'ata na treni hairudi nyuma.

Sisi Watanzania tunajua maana ya treni kurudi nyuma. Mwezi Juni mwaka 2002, huko Igandu, mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi kinyumenyume mlimani kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu wapatao 280 walipoteza maisha. Reli ya kawaida haina yale meno. Breki isiposhika, hakuna kingine cha kuizuia. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Sasa, msikilizaji, usije ukaniambia kwamba wenzetu wenye mitambo wamemaliza habari ya ajali. Sikiliza yaliyotokea Uingereza.

Tarehe 2 Juni 2015, katika bustani ya Alton Towers, treni ya mchezo iitwao Smiler iligonga treni nyingine iliyokuwa tupu, iliyokwama njiani. Ndani ya ile iliyogonga walikuwamo watu 16. Wasichana wawili walikatwa mguu mmoja mmoja. Je, mtambo ulishindwa kuona? Hapana! Mtambo uliona. Uliisimamisha treni yenye watu, ukakataa kuiachia, kwa kuwa mbele palikuwa na nyingine. Lakini siku hiyo treni ya ziada ilikuwa imeingizwa njiani, na mafundi walioitwa hawakujua kwamba iko mbele imekwama. Wakaamini kompyuta imekosea. Watu walikuwa kwenye mstari wakingoja. Basi wakaipita ile amri ya kusimama, wakaiachia treni kwa mikono yao wenyewe. Mwaka 2016 mahakama iliitoza kampuni faini ya pauni milioni 5.

Zingatia hapo. Chombo kilisema hapana, mtu akasema twende.

Na hiyo "twende" ndiyo iliyoninyima usingizi. Miezi michache iliyopita nilikuwa ndani ya kosta hapa Galula, tunakwenda Mbalizi. Tulikuwa tumengoja abiria tangu alfajiri na jua lilikwisha kuwa kali. Akaja bibi mmoja na ndoo yake ya mchele. Konda akaipokea ndoo, akageuka kumpa mtu chenji. Bibi alikuwa ameweka mguu mmoja ngazini, wa pili uko chini. Nyuma tukaanza kupiga kelele: "Twende bwana, tunachelewa!" Konda, hata bila kugeuka, akapiga bodi mara mbili. Dereva akasikia alichozoea kusikia, akaondoa gari.

Bibi aliburuzwa hatua nne au tano, mkono ameng'ang'ania mlango, kisha akaanguka. Akavunjika kifundo cha mkono, na mchele ukamwagika barabarani. Watu wakamtukana konda. Kisha mmoja akasema lile neno tulizoealo: "Ajali haina kinga." Wote tukatikisa vichwa, tukaridhika, safari ikaendelea.

Mimi pia nilitikisa kichwa. Tena, msikilizaji, nisikufiche: mmoja wa wale waliokuwa wakipiga kelele za "twende" alikuwa ni mimi.

Tangu mjukuu wangu aulize lile swali nimekuwa nikijiuliza: kosta yetu, nani anaiambia iondoke? Ni mkono mmoja unaopiga bati. Mlango wazi hauikatazi, wala mguu ulio chini hauikatazi. Konda yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kazi tatu kwa wakati mmoja na macho mawili tu. Tulikuwa tumeyaweka maisha ya bibi juu ya uangalifu wa kijana mmoja aliyechoka, halafu alipoteleza tukamsingizia Mungu.

Hatuna kompyuta hapa Galula, wala sitaki uifikirie. Lakini ile kanuni ya vitufe viwili haihitaji umeme. Konda awe wa mwisho kupanda, aufunge mlango, ndipo apige bodi, asipige kabla. Dereva naye asiondoe gari kwa kusikia bodi peke yake. Asikie mlango umefungwa, atazame kioo cha ubavuni, aone pako tupu, ndipo akanyage mafuta. Hapo tayari tunazo ruhusa mbili badala ya moja. Chenji itolewe gari likiwa limesimama na kila mtu ameketi, au ingoje tufike mbele. Na sisi abiria, ambao ni wengi kuliko dereva na konda, tuwe swichi ya tatu. Yeyote anayeuona mguu chini apige kelele ya "bado!" kwa nguvu ileile tunayopigia "twende!"

Kinga hiyo haigharimu hata shilingi moja, isipokuwa dakika moja ya kungoja. Najua dakika hiyo ni nzito penye jua kali. Wale mafundi wa Uingereza nao waliiona nzito.

Yule bibi mkono wake umepona, ingawa haunyooki vizuri. Nilimtembelea, nikamwamkia, nikamweleza kwamba sauti yangu ilikuwamo. Alinitazama kwa kitambo, kisha akasema: "Baba, siku nyingine ningoje tu." Sina la kuongeza juu ya hapo.

Kwaheri, na tukijaliwa tukutane juma lijalo.