Septemba, nani anabaki na mtoto?

Katika bonde la Ruzizi kiangazi huanza Juni na kuelekea mwisho katikati ya Septemba, na hapo mambo manne humwangukia mama mwenye watoto wadogo katika majuma yale yale. Mvua za kwanza zinanyesha, na shamba la msimu A, msimu wa kwanza wa kilimo, linataka jembe na mbegu. Masomo yanafunguliwa. Mahindi na maharagi yaliyovunwa katikati ya mwaka yamekwisha au yanakaribia kwisha, na bei sokoni inapanda. Mbu wanazaliana kwenye madimbwi, na majuma machache baadaye malaria inaingia nyumbani. Kwa kijiji kama Kiringye, katika sheferi ya Bafuliiru, eneo la Uvira, mkoa wa Kivu Kusini nchini Kongo, ambako nyumba nyingi zinaishi kwa jembe, sioni miezi mizito zaidi kwa mtoto wa chini ya miaka mitano kuliko Septemba, Oktoba na Novemba. Ajabu ni kwamba kila jambo kati ya haya manne lina ofisi yake na wataalamu wake: kilimo huku, masomo kule, chakula na malaria kwingine. Anayeyabeba yote siku moja ni mtu mmoja, naye ana mtoto mgongoni.

Ugumu wa miezi hii kwa kawaida hutajwa kwa jina moja, njaa. Njaa ipo, wala sikusudii kuipunguza: katika Kongo nzima, takriban watoto wanne kati ya kumi wa chini ya miaka mitano ni wafupi kuliko umri wao unavyodai, na Kivu Kusini ni miongoni mwa mikoa iliyoathirika sana. Lakini ukitazama kwa karibu jinsi siku ya mama inavyokwenda wakati wa kupanda, utaona kwamba mara nyingi kinachoadimika kwanza ni saa. Chakula kidogo kilichopo hakimfikii mtoto kwa sababu hakuna mtu wa kukipika na kumlisha kwa wakati. Hilo ndilo ninalotaka kulitetea hapa: katika msimu wa kupanda, mtoto mdogo wa bonde hukosa mlezi kabla hajakosa uji, na msaada usioanza na swali la nani anabaki naye utaendelea kumkosa.

Hesabu ya chakula chenyewe inatosha kulionyesha. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miezi 9 hadi 11 anayenyonya vizuri anahitaji kilokalori kama 300 kwa siku kutoka chakula cha kulishwa, mbali na maziwa ya mama. Tumbo lake ni dogo. Linapokea takriban gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo 8 hawezi kupita gramu 240 kwa mlo mmoja hata akibembelezwa. Uji mwepesi wa mahindi au wa mihogo, usiotiwa karanga, mafuta ya mawese wala ndagala za kusaga, una kilokalori kama 50 tu katika gramu 100. Basi akishiba mara moja amepata 120. Akishiba mara mbili amepata 240, na bado amepungukiwa. Mara ya tatu ndiyo inayomvusha. Sasa chukua siku ya Oktoba: mama anampa uji alfajiri kabla ya kutoka, anarudi alasiri na kuni kichwani, anampa tena jioni. Mtoto amekula mara mbili, na hakuna aliyefanya uzembe wala ujinga. Mlo wa tatu, ule wa saa tano asubuhi, ulihitaji mtu wa kukaa nyumbani. Huyo hakuwepo.

Kuna njia ya pili, kuukoleza uji ili milo miwili itoshe, na wauguzi wa vituo vya afya wameifundisha kwa miaka mingi. Ni njia nzuri. Lakini karanga zinataka kukaangwa na kusagwa, sombe, yaani majani ya mihogo, inataka kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu, na ndagala hununuliwa kwa fedha katika mwezi ambao kila franka inagombaniwa na daftari, sare na mbegu. Mbegu yenyewe ni jaribu: maharagi ya kupanda ni maharagi ya kuliwa pia, na kila kikombe kinachoingia sufuriani kimetoka katika mavuno ya Januari.

Yuko pia mtu ambaye hatajwi katika mafundisho ya lishe, naye ni dada mkubwa. Katika likizo ya Julai na Agosti, msichana wa miaka minane au kumi ndiye anayembeba mdogo wake kwa kikwembe, ndiye anayempooza akilia, ndiye anayemkorogea ule uji wa saa tano. Septemba anavaa sare ya buluu na nyeupe na kwenda masomoni. Tangu mwaka wa shule ulioanza Septemba 2019, serikali ya Kongo ilipotangaza kwamba shule za msingi za umma ni bure, watoto wengi sana ambao wangebaki nyumbani wameingia darasani. Ni miongoni mwa mambo makubwa yaliyofanyiwa watoto wa nchi hii katika miaka ya karibuni, pamoja na madarasa yaliyofurika na migomo ya walimu iliyofuata. Ila hatukuangalia kwamba siku ile ile tulimwondoa mlezi wa mtoto wa miezi kumi, na tukamwondoa katika juma lile lile ambalo jembe linamwita mama. Shule imemtoa msichana katika kazi isiyomstahili. Kazi yenyewe imebaki pale pale. Katika nyumba nyingine inamrudia, na hapo ndipo unapowaona wasichana wakikosa masomo siku mbili tatu kwa juma mpaka palizi liishe.

Watafiti walikwisha kuuona mrundikano wa namna hii. Mwaka 1978 Robert Chambers na wenzake walikutana katika Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, kujadili majira ya mwaka na umaskini wa vijijini. Kitabu kilichotokana na mkutano huo kilitoka 1981. Walieleza kwamba katika nchi nyingi za joto kazi nzito zaidi, chakula kidogo zaidi, magonjwa mengi zaidi na madeni makubwa zaidi hukutana katika miezi ya mvua, tena huwa vigumu kuonekana kwa sababu wageni na maofisa hutembelea vijiji wakati wa kiangazi, njia zikiwa kavu. Anayeijua barabara ya Bukavu hadi Uvira na matawi yake ya udongo ataelewa haraka. Kule Gambia, kundi la Andrew Prentice katika kijiji cha Keneba lilichapisha mwaka 1997 matokeo ya kutisha: waliozaliwa katika miezi ya njaa walikuwa katika hatari ya kufa mara kadhaa zaidi, wakiisha kupita umri wa miaka 15 hivi, kuliko waliozaliwa wakati wa mavuno. Uchunguzi wa namna hiyo Senegali na Bangladesh haukuikuta alama ile ile, kwa hiyo haifai kuichukua kama sheria ya kila mahali. Mimi natosheka na lililo dogo zaidi: miezi ya mwaka si sawa kwa mtoto mdogo, na mpango unaoigawia yote kumi na miwili nguvu zile zile unakosea hesabu.

Wapo watakaosema kwamba bibi zetu waliwalea wazazi wetu katika mvua hizi hizi, bila mkutano wa Sussex. Ni kweli waliwalea, na hekima yao haina ubishi. Lakini waliwalea katika kitongoji chenye watu wa kubaki nyumbani: nyanya, shangazi, wasichana wasiopelekwa shule. Na hawakuwafikisha wote. Mwaka 1990, si zamani za mababu, zaidi ya mtoto mmoja kati ya saba waliozaliwa Kongo alikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Nyanya wa leo, kama yupo, mara nyingi naye yuko shambani, au amebaki na wajukuu ambao mama yao amekwenda kutafuta maisha Uvira, Bukavu au ng'ambo ya mto, Burundi.

Pingamizi zito zaidi ni la vita. Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, na Desemba mwaka huo huo mapigano yakashuka bondeni mpaka Uvira, watu wengi wakavuka kwenda Burundi na watoto wao. Anayesema kwamba bila amani hakuna malezi anasema kweli, na sina cha kumbishia. Hata hivyo, vita haviondoi majira, vinayakaza. Desemba mahindi ya msimu A yako shambani bado, na familia inayokimbia wakati huo inaacha jasho la miezi mitatu kabla halijawa chakula. Ikirudi, inarudi kwenye ghala tupu, na Septemba inayofuata inaikuta imedhoofika zaidi. Mtoto wa mwaka mmoja hawezi kuambiwa asubiri mkataba wa amani utiwe sahihi. Hana muda wa kungoja: anakua sasa, au hakui.

Nini basi kifanyike? India, mwaka 1969, Meera Mahadevan aliona watoto wa vibarua wameachwa kwenye vumbi la ujenzi mjini Delhi, akaanzisha Mobile Creches, vituo vya malezi vinavyohamia pale walipo mama zao. Pwani yetu ya Waswahili, Bi Swafiya Said alisaidia kuanzisha shule za awali za madrasa Mombasa katika miaka ya 1980, zikaendeshwa na jamii zenyewe, na mpango huo ukafika Zanzibar na Uganda. Na familia ya Uvira iliyohamia Brussels humpeleka mtoto wake école maternelle, yaani shule ya awali, bila ada tangu ana miaka miwili na nusu. Wakongo wa huko hawajawa wazazi wa aina nyingine, wamepata tu mahali pa kumwacha mtoto. Kiringye haihitaji jengo jipya. Makanisa ya bondeni ni matupu asubuhi za Jumatatu hadi Ijumaa. Kinachotakiwa ni wanawake wachache kwa zamu, sufuria kubwa, maji yaliyotiwa dawa, mikeka, na makubaliano kwamba mwenye zamu leo shamba lake litalimwa na wenzake kesho. Kulima kwa zamu si jambo geni huku. Jipya ni kukubali kwamba anayelisha watoto kumi na watano saa tano asubuhi naye amelima.

Kuna hofu moja ya haki ambayo haifai kupitwa haraka. Watoto wengi mahali pamoja huambukizana, na Uvira ni miongoni mwa maeneo ambako kipindupindu kimekaa miaka mingi bila kuondoka, hata mwaka 2020 mji ukafanyiwa kampeni ya chanjo. Kituo cha malezi chenye maji machafu kingekuwa mlango wa kifo. Kwa hiyo sharti la kwanza liwe maji na sabuni kabla ya mikeka, na muuguzi wa kituo cha afya azitazame kadi za chanjo kabla mtoto hajapokelewa; asiyechanjwa surua achanjwe kwanza. Mwenye kuhara au homa abaki na mama yake, na siku hiyo zamu impunguzie mama kazi ya shamba. Hili ni gumu, na kikundi kisichoweza kulisimamia kisianze. Lakini tupime pia upande wa pili: mtoto anayelazwa kwenye kivuli ukingoni mwa shamba hunywa maji ya kidumu kile kile cha wakulima na huumwa na wadudu wale wale.

Upande wa fedha, bonde tayari lina chombo. Vikundi vya kusaidiana viitwavyo MUSO vimezoea kuweka sanduku la kijani la mikopo na sanduku jekundu la msaada, la kufiwa na kuugua. Sioni kwa nini unga na karanga za msimu wa kupanda zisitoke katika hilo jekundu, kwa kuwa utapiamlo nao ni ugonjwa. Na vile vikundi vya akiba vinavyogawana fedha mwisho wa mzunguko, ambavyo vingi hulenga Noeli, vingeweza kuusogeza mzunguko wao ili mgao uangukie mwanzo wa Septemba, wakati daftari, mbegu na uji vinapogombana. Hakuna anayehitaji ruhusa ya Kinshasa kwa hilo.

Wanaume nao wasiachwe nje ya hesabu. Wengine husema kazi ya mtoto ni ya mama, ndivyo desturi ilivyo, na kulazimisha kutaleta magomvi. Desturi hiyo hiyo, lakini, inamtaka baba ahakikishe watoto wake wamekula, na wanaume wa bonde huitika salongo, kazi ya pamoja ya jamii, kusafisha mifereji na kutengeneza njia bila mtu kudai kwamba heshima yao imepungua. Kuchota maji ya kituo, kuleta kuni, kutengeneza choo na pa kunawia mikono ni salongo ya aina hiyo hiyo, na ni kazi ambazo zikiondolewa mgongoni mwa mama zinamrudishia saa mbili tatu kwa siku. Baba akiwahi kufanya hivyo kabla ya mvua, hata pale ambapo hakuna kikundi chochote, mlo wa tatu unakuwa jambo linalowezekana.

Muda ndio wenye kuamua. Kupanda na palizi la kwanza huchukua majuma yasiyofika kumi na mawili, na zamu za malezi zinahitaji kudumu kwa hayo tu mwaka wa kwanza. Mazungumzo, hata hivyo, hayawezi kungoja wingu la kwanza, kwa sababu mvua ikianza hakuna mwenye nafasi ya kukaa mkutanoni. Yafanyike Agosti, wakati dada wakubwa wangali nyumbani na wanaweza kuwaonyesha walezi wapya jinsi kila mtoto anavyokula, anavyolala na anavyonyamazishwa.